RNA Si Tarishi Tu

Mwanafunzi yeyote aliyefika vidato vya juu katika somo la bayolojia, akiulizwa kazi ya RNA, atajibu bila kusita. Atasema kwamba DNA ndiyo hazina ya maagizo, kwamba RNA huchukua nakala ya agizo na kuipeleka kwenye ribosomu, na kwamba ribosomu huisoma nakala hiyo na kutengeneza protini. Atachora mishale miwili, ataweka kalamu chini, naye atapata alama zake zote. Kwa maneno mengine, RNA ni tarishi: hupewa barua ofisini, huifikisha karakana, na kazi yake imekwisha.

Jibu hilo ni la kweli, wala sina nia ya kumnyang'anya mtu alama zake. Lakini ni nusu ya kweli, na nusu ikikaririwa miaka mingi watu huiona kuwa nzima. Maoni yangu, ambayo nayaleta mbele ya wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi, ni haya: yafaa tufundishwe tangu mwanzo kwamba RNA pia hutoa amri. Wako matarishi wadogo wasio na barua yoyote ya kupeleka, ambao kazi yao ni kuwazuia matarishi wengine njiani, au kuwafungulia waliofungiwa. Kwa msaada wa hao, bakteria, yaani vile vijidudu vya seli moja, huweza kuzipita siku mbaya. Na asiyejua jinsi kijidudu anavyozipita siku mbaya, hajajua bado kwa nini ni kazi kumshinda.

Tumtazame bakteria mmoja aitwaye Escherichia coli, ambaye kwa kifupi huandikwa E. coli. Daktari Theodor Escherich alieleza habari zake mwaka 1885. Wengi wa jamii yake hukaa katika matumbo yetu bila kutudhuru, ingawa wako baadhi waletao maradhi. Urefu wake ni kama sehemu moja ya mia tano ya milimita. Akipata chakula kizuri na joto la kutosha, hujigawa akawa wawili kwa muda wa dakika 20 hivi.

Sasa fikiri masaibu yake. Leo yumo tumboni, penye joto la nyuzi 37 na chakula tele. Kesho ametupwa katika maji baridi ya mto. Saa hii ana madini ya chuma ya kumtosha; saa ijayo hana. Mara asidi, mara chumvi, mara sumu. Mtu akiona baridi huvaa sweta, na ng'ombe malisho yakikauka huhamishwa. Bakteria hana nguo wala mchungaji. Hapana budi abadilike yeye mwenyewe, tena upesi.

Hapo ndipo penye fundo. Maagizo ya jana yamekwisha kutoka ofisini. RNA zinazobeba maagizo, ambazo twaziita RNA mjumbe, zimetapakaa ndani ya seli, na ribosomu zinaendelea kuzisoma na kutengeneza protini za siku za neema. Mtu aweza kuuliza: je, barua hizo si zitakwisha zenyewe? Kweli, RNA mjumbe nyingi za bakteria hudumu dakika chache tu. Lakini kwa kiumbe ambaye kizazi chake ni dakika 20, dakika chache si muda mdogo. Nyumba iliyoishiwa unga haingoji wiki iishe ndipo ipunguze posho. Lazima patokee amri ya kuzuia barua ambazo tayari ziko njiani.

Namna amri hiyo inavyofanya kazi si ngumu kuelewa. RNA imeandikwa kwa herufi nne: A, U, G na C. A hushikana na U, na G hushikana na C. Chukua karatasi uandike AGGAGG. Chini yake, herufi chini ya herufi, andika UCCUCC. Utaona kila moja imempata mwenzake. Herufi kama zile za kwanza hupatikana karibu na mwanzo wa ujumbe katika RNA nyingi za bakteria, na hapo ndipo ribosomu inaposhika kabla ya kuanza kusoma. Jambo hilo lilielezwa na John Shine na Lynn Dalgarno huko Australia mwaka 1974. Sasa basi, ikitokea RNA nyingine fupi ambayo herufi zake zinaoana na za mahali hapo, itajibandika juu yake, na ribosomu haitapata pa kushika. Barua ipo, lakini mstari wake wa kwanza umefunikwa.

RNA fupi za namna hiyo ndizo zinazoitwa RNA ndogo. Nyingi zina herufi kati ya 50 na 300 hivi, na isipokuwa chache, hazina agizo la kutengeneza protini. Kwa sababu hiyo gharama yake ni ndogo na upesi wake ni mkubwa: ikisha kunakiliwa kutoka katika DNA, iko tayari kwa kazi. Katika E. coli nyingi husaidiwa na protini iitwayo Hfq, yenye umbo la pete ya vipande sita, ambayo huzishika RNA mbili na kuzikutanisha. Mara nyingi, zikisha kukutana, kimeng'enya kiitwacho RNase E huja na kuikatakata ile barua, isiweze kusomwa tena.

Wala msomaji asidhani kwamba bakteria anawaza. Hana ubongo, hana nia. Yote haya ni herufi kuoana na herufi, na protini kushika au kuachia. Nikisema "amri" nasema kwa mfano, kama tunavyosema kwamba saa ya ukutani inatuamuru kwenda darasani.

Nitaleta mifano mitatu, ili isionekane kwamba nasifu kitu cha kubuni.

Mfano wa kwanza ni wa njaa ya chuma. Viumbe karibu wote huhitaji chuma, na mwili wa binadamu hautoi chuma chake bure: katika damu na katika maziwa ya mama mna protini zinazokishika kwa nguvu, hata vijidudu vikapata taabu kukipata. E. coli afanyeje? Chuma kikiwa tele, protini yake iitwayo Fur hushikana na chuma na kukaa juu ya jeni ya RNA ndogo iitwayo RyhB, ikaizuia isinakiliwe. Chuma kikipungua, Fur huachia, na RyhB, yenye herufi 90 hivi, hutengenezwa kwa wingi. Hiyo huzifuata RNA mjumbe za protini zitumiazo chuma ambazo seli yaweza kuvumilia bila hizo kwa muda, nazo zikakatwakatwa. Chuma kidogo kilichobaki huachiwa zile kazi zisizoachika. Eric Massé na Susan Gottesman walieleza habari hiyo mwaka 2002. Mama mwenye busara, unga ukipungua, hazimi jiko. Huacha maandazi, akaweka unga kwa uji wa watoto. Bakteria naye hujiokoa hivyo hivyo, kwa kujua cha kuacha.

Mfano wa pili ni wa baridi, na huu waonyesha kwamba RNA ndogo haikatazi tu. Iko protini iitwayo RpoS, ambayo ni kama mnyapara wa siku ngumu: ikiwapo, mamia ya jeni, zikiwamo za kujihami, huitwa kazini. Lakini RNA mjumbe yake ina tabia ya kujikunja yenyewe, hata mwanzo wake ukafichika na ribosomu isiuone. Joto likishuka, RNA ndogo iitwayo DsrA huongezeka. Hushikana na ile sehemu inayoukunja ujumbe, ujumbe ukakunjuka, na ribosomu ikapata pa kuanzia. Kumbe herufi zile zile nne, kwa kanuni ile ile, mahali pengine hufunga na mahali pengine hufungua.

Mfano wa tatu ndio unaotugusa sisi na wazazi wetu zaidi. Katika ukuta wa nje wa E. coli mna protini zenye umbo la tundu, ambazo ndizo milango ya kuingizia vitu vidogo vidogo. Mmoja wa milango hiyo huitwa OmpF. Mwaka 1984 Takeshi Mizuno, Mei-Yin Chou na Masayori Inouye, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walieleza RNA ndogo iitwayo MicF, ambayo hushikana na ujumbe wa OmpF na kuuzuia usisomwe. Katika shida fulani fulani, zikiwamo baadhi ya sumu, MicF huongezeka na milango ya OmpF hupungua. Na baadhi ya dawa za antibiotiki huingia katika bakteria kwa milango hiyo hiyo.

Mzazi anayesoma ukurasa huu na afikiri juu ya desturi iliyoenea mitaani mwetu, ya mtu kununua vidonge viwili vitatu vya antibiotiki bila kupimwa, akavimeza leo na kesho, akaona nafuu, akaviacha. Au akamgawia jirani vilivyobaki. Dawa pungufu ni sumu isiyoua, na sumu isiyoua ni moja ya zile siku mbaya ambazo kijidudu ana njia za kukabiliana nazo. Sisemi kwamba RNA ndogo ndiyo sababu kuu ya dawa kushindwa. Sababu kubwa ni mabadiliko katika jeni, pamoja na jeni za usugu ambazo bakteria hupokezana. Lakini kijidudu anayepata nafasi ya kuvumilia leo, hupata na nafasi ya kubadilika kesho. Mtu aliyeelewa hayo hatahitaji kukemewa na mganga wa zahanati ili atumie dawa kama alivyoandikiwa. Atajua mwenyewe sababu.

Hapa nataka kusema neno juu ya njia ambayo maarifa haya yalipatikana, kwa kuwa lina funzo kwa sisi tunaosoma. Mwaka 1961 Wafaransa François Jacob na Jacques Monod waliandika kwamba katika bakteria viko vizuizi vinavyofunga jeni, na wakakisia kwamba kizuizi huenda kikawa ni RNA. Mwaka 1966 Walter Gilbert na Benno Müller-Hill walikipata kizuizi cha jeni za sukari ya maziwa, nacho kilikuwa ni protini. Tangu hapo fikra ya wengi ikawa kwamba mwenye amri ni protini, na RNA ni mtumishi. Mwaka 1967 ilionekana katika E. coli RNA ndogo iliyoitwa 6S. Ilikuwapo kwa wingi, ikajulikana herufi zake mwaka 1971, lakini kazi yake haikujulikana mpaka mwaka 2000, Karen Wassarman na Gisela Storz walipoonyesha kwamba hukamata kile kimeng'enya chenyewe kinachonakili jeni, bakteria anapoishiwa chakula. Miaka 33 ilipita! Hata ile protini ya pete, Hfq, iligunduliwa mwaka 1968, lakini kwa ajili ya habari za kirusi kinachoshambulia bakteria. Cheo chake kwa RNA ndogo kilikuja kujulikana baadaye sana.

Kwa nini zilichelewa? Kwanza ni ndogo, na watu waliokuwa wakitafuta jeni walitafuta zile zinazotengeneza protini. Herufi zote za DNA ya E. coli, zaidi kidogo ya milioni 4 na nusu, zilichapishwa mwaka 1997, na jeni zaidi ya 4,000 zikahesabiwa. Lakini mapengo yaliyo baina ya jeni wengi waliyapita kama mtu apitavyo kichaka. Mwaka 2001 makundi matatu ya wataalamu, kila moja kwa njia yake, yaliamua kutafuta katika mapengo hayo, na RNA ndogo zikaanza kutoka moja baada ya nyingine. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Hazikuwa zimejificha, swali ndilo lililokuwa halijaulizwa.

Najua yatakayosemwa dhidi ya maoni yangu, nami nitayajibu kwa heshima.

La kwanza ni kwamba mtihani hauulizi mambo haya. Ni kweli kwamba tunasoma kwa ajili ya mtihani, na mzazi aliyeuza mbuzi ili kulipa mahitaji ya shule ana haki ya kuona cheti. Lakini sisemi somo la RNA mjumbe liondolewe. Nasema liongezwe sentensi tatu. Tena mwanafunzi aliyeelewa kwamba RNA yaweza kuoana na RNA nyingine ataikumbuka kanuni ya herufi vizuri kuliko yule aliyeikariri kama shairi, na kanuni hiyo mtihani unaiuliza.

La pili ni kwamba jambo hili ni gumu, na shule haina vyombo. Nimekwisha kulieleza hapa kwa karatasi na kalamu. Mwalimu aweza kukata vipande vya karatasi ndefu na fupi, akaandika herufi, akawagawia wanafunzi. Mwenye karatasi ndefu asimame awe ujumbe, mwingine awe ribosomu, na mwenye karatasi fupi atafute mahali inapooana. Kipindi kimoja chatosha, na darasa zima litaona jinsi kipande kidogo kinavyoisimamisha karakana nzima.

La tatu, ambalo nimelisikia mara nyingi, ni kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali, hayatufai kitu. Hili silikubali hata kidogo. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ana RNA ndogo nne zilizopewa jina la Qrr, ambazo kazi yake ilielezwa mwaka 2004 na wataalamu wa maabara ya Bonnie Bassler huko Marekani. Bakteria hao wakiwa wachache, Qrr hutengenezwa kwa wingi na kuzuia ujumbe wa protini iitwayo HapR. Wakisha kuwa wengi, Qrr hupungua na HapR huongezeka, nayo huzinyamazisha jeni za kudhuru mwili. Basi hali ya kijidudu huyo ndani ya mtu, awe mkali au apoe, hupitia mikononi mwa RNA ndogo. Na kipindupindu si hadithi ya mbali. Mwaka 2015 kilizuka Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi ya Tanzania. Maji yaliyochemshwa, choo safi na mikono iliyonawiwa kwa sabuni ndizo silaha za kwanza, na hakuna elimu ya RNA itakayoziondolea ulazima. Lakini wako wataalamu wanaotafuta silaha nyingine, na watakaotafuta kesho wamo madarasani leo. Hakuna sheria isemayo kwamba wasiwe wa shule yetu.

Mapendekezo yangu ni machache. Walimu wetu wa bayolojia, wanapochora ile mishale miwili ubaoni, waongeze mshale mmoja mdogo unaotoka kwenye RNA na kurudi kwenye RNA, kisha waeleze mfano mmoja tu, nami ningechagua ule wa chuma. Chama cha sayansi kifanye ule mchezo wa karatasi mbele ya wazazi siku watakapoalikwa shuleni, na kiwaeleze habari za vidonge vilivyomezwa nusu. Nasi wanafunzi tuzoee kueleza mambo tunayosoma kwa Kiswahili, katika gazeti hili na nyumbani. Mwenye kumweleza mama yake jambo hata akalielewa, huyo ndiye aliyelielewa. Na mama ndiye anayetunza dawa za nyumba nzima.

Yuko atakayesema kwamba nimeipa RNA ndogo cheo kupita kiasi, na pengine walimu wetu wanayo masahihisho. Gazeti letu hutoka kila muhula, na mhariri hukataa karatasi zisizosomeka tu. Mwenye fikra nyingine na aandike.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita